Cheche za Mwilini: miaka 70 ya kutafuta jibu kama mazoezi yanamchakaza mama au yanamjenga

SEHEMU YA 1: Swali lenyewe

Leo ni historia. Ni ndefu kidogo, ndiyo maana nimeigawa vipande saba. Soma kimoja ukiwa unanyonyesha, kingine maharage yakiwa jikoni.

Swali linaloulizwa sana ni hili: "Nesi, ni kweli mazoezi yanachakaza mwili? Eti yanaharibu seli na kumzeesha mtu haraka?" Wanaouliza hawajalitoa hewani. Kuna watu wanapita mitaani na kwenye magrupu ya WhatsApp wakiuza makopo ya vidonge na unga wa kuchanganya na maji. Wanakwambia kwamba ukitembea sana au ukikimbia, mwili unatoa sumu, sumu inakata vinasaba vyako, na dawa ni kununua kopo lao kila mwezi. Mama anaitoa hela ya unga wa uji wa mtoto, anaipeleka kwenye kopo.

Ugumu wa kuwajibu hawa watu ni kwamba nusu ya kwanza ya maneno yao ni kweli. Wanasayansi wenyewe waliwahi kuogopa hivyo hivyo, tena kwa miaka mingi. Ila hawakuishia hapo. Waliendelea kupima, wakakuta jambo ambalo muuza kopo hakuambii. Yeye ameishia katikati ya hadithi, sisi leo tunaifikisha mwisho.

Kwanza tuelewane maneno mawili matatu.

Kila seli ya mwili wako ina vinu vidogo vinavyochoma chakula kwa kutumia oksijeni unayovuta, ili kutoa nguvu. Ni kama jiko la mkaa. Jiko likiwaka, hazikosekani cheche. Cheche za mwilini zinaitwa radikali huru: ni chembechembe zenye oksijeni ambazo hazijatulia, zikigusa kitu zinakiunguza. Mwili una vizimia cheche vyake. Cheche zikizidi vizimio, hali hiyo ndiyo inaitwa msongo wa oksidi.

Zikirukia mafuta ya ukuta wa seli, ukuta unaharibika. Zikirukia DNA, yaani ile kamba yenye maelekezo yote ya kukujenga wewe na mwanao, zinaweza kubadilisha herufi moja au kukata uzi. Kamba iliyokosewa isiposahihishwa, miaka ikipita, inaweza kuwa mwanzo wa saratani. Kwa hiyo hofu ya hao wanaouliza ina msingi. Sasa tuone historia ilikwendaje.

SEHEMU YA 2: Muongo mmoja, habari mbili zinazopingana

Twende London, mwaka 1953. Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Mabasi ya London ni ya ghorofa. Dereva amekaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kila siku. Watu hawa wanatoka mitaa ileile na mishahara yao haijapishana sana. Lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makonda, na konda akiugua, mara nyingi aliugua akiwa na umri mkubwa zaidi na ugonjwa haukuwa mkali vile.

Hebu fikiria daladala zetu za Buhongwa kwenda mjini. Dereva na konda, gari moja, njia moja, ila mwili mmoja unakaa na mwingine hautulii. Morris ndiye aliyefanya dunia ianze kuona mwendo wa mwili kama kinga.

Huku kwetu Ziwa Victoria nako kulikuwa na jambo la kushangaza. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi miaka mingi Hospitali ya Mulago, Kampala. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Waafrika wa Afrika Mashariki ulikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika kwenye jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja tu, kwa sababu mmoja alikuwa habari. Leo ukikaa kliniki ya presha asubuhi moja utaelewa tumesafiri umbali gani.

Sasa mwaka huohuo, 1956, Marekani, mtu mwingine anaitwa Denham Harman alichapisha wazo tofauti kabisa. Alikuwa mkemia kabla ya kusomea udaktari. Alijiuliza: kwa nini kila kiumbe kinazeeka? Jibu lake: ni zile cheche. Oksijeni inayotuweka hai ndiyo inayotuunguza polepole, kama chuma kinavyopata kutu, hadi tunazeeka na kufa.

Unaona mgongano? Morris anasema, sogea, utaishi. Harman anasema, oksijeni inaunguza. Na mtu anayefanya mazoezi anavuta oksijeni nyingi kuliko aliyekaa, mara kumi na zaidi akiwa anakimbia kwa nguvu. Kwa hesabu ya haraka, mkimbiaji angepaswa kuungua mapema. Konda angekufa kabla ya dereva. Mbona ni kinyume?

Swali hilo lilichukua zaidi ya miaka 50 kujibiwa.

SEHEMU YA 3: Damu ya ng'ombe na panya waliochoka

Watu wengi hawakumwamini Harman mwanzoni. Walisema cheche kali hivyo haziwezi kuwepo ndani ya kiumbe hai.

Mwaka 1969, kwenye Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich walikuwa wanachunguza damu ya ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe, Wasukuma tutabasamu kidogo hapo. Ndani ya chembe nyekundu wakakuta kimeng'enya ambacho kazi yake ni moja: kuzima aina fulani ya cheche za oksijeni. Fikiria maana yake. Ukikuta ndoo ya mchanga imewekwa kando ya jiko, unajua kwamba hapo moto huwa unaruka. Mwili usingetengeneza kizima cheche kama cheche hazipo. Harman akaanza kusikilizwa.

Mwaka 1978 watafiti wa California wakapima pumzi za watu wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Walikuta gesi inayotoka pale mafuta ya mwilini yanapounguzwa na cheche, na iliongezeka mtu alipokuwa anakanyaga pedali kwa nguvu. Mwaka 1982, huko huko California, Kelvin Davies na wenzake wakawakimbiza panya hadi wakashindwa kabisa kuendelea. Kwenye misuli na maini yao walikuta dalili za radikali huru zimepanda mara mbili hadi tatu.

Kwa hiyo ikathibitika: mazoezi yanaongeza cheche.

Mwaka 1984 Wajapani wawili, Hiroshi Kasai na Susumu Nishimura, wakagundua alama maalumu inayobaki kwenye DNA ikiunguzwa na oksijeni. Kipande hicho kikishatolewa kwenye kamba, kinapimika hata kwenye mkojo. Mwaka 1985 Mjerumani Helmut Sies akaipa hali hii jina ambalo madaktari wanalitumia mpaka leo, msongo wa oksidi.

Mama, ungekuwa unasoma magazeti ya afya miaka ile, ungeogopa. Na hapa ndipo biashara ilipoingia. Kama tatizo ni cheche, basi tuuze kizima cheche! Vitamini C, vitamini E, beta-karotini, vikawekwa kwenye vidonge, dozi kubwa kubwa. Wanamichezo wakameza, wazee wakameza, watu wakaamini hapo ugonjwa umekwisha.

Hapo ndipo muuza kopo wa mtaani kwetu alipoishia kusoma.

SEHEMU YA 4: Miaka ya 1990, mambo yanageuka

Mwaka 1994 yalitokea mambo mawili.

La kwanza, Finland. Wanaume wavutaji sigara 29,133 waligawanywa makundi. Wengine walipewa beta-karotini, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Wakafuatiliwa kwa miaka mitano hadi minane. Kila mtu alitarajia waliomeza vizima cheche wapate saratani kidogo. Matokeo: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 *zaidi*. Utafiti mwingine wa namna hiyo Marekani ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya madhara. Vidonge hivyo vilitolewa kwa nia njema kabisa.

La pili, mji wa Ulm, Ujerumani. Watafiti walitumia kipimo ambacho ukiangalia kwenye hadubini, seli yenye DNA iliyokatika inaonekana kama nyota yenye mkia. Mkia mrefu, makovu mengi. Waliwakimbiza watu kwenye mashine hadi wakaishiwa nguvu kabisa, kisha wakawatoa damu mara kwa mara. Mikia ilirefuka, ikafika kilele baada ya saa 24. Lakini baada ya saa 72 ilikuwa imerudi kawaida. Na watu walipokimbia mwendo wa wastani, ambao pumzi inatosha, mikia haikurefuka.

Soma tena hapo. Ukijikamua kupita uwezo wako, DNA inapata michubuko. Siku tatu baadaye imeshashonwa. Ukienda kwa kiasi, hamna mchubuko wa kuonekana.

Nani kashona? Ukienda Mwaloni Kirumba au mwalo wowote, utakuta wavuvi wamekaa na nyavu wanashona matundu. Wavu wa ziwani unachanika kila usiku, hakuna mvuvi anayeshangaa. Cha kushangaza kingekuwa wavu usioshonwa. Ndani ya seli zako kuna mafundi wa aina hiyo, wanapita kwenye kamba ya DNA, wanatoa kipande kibovu wanaweka kizima. Mwaka 2015 Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kutuonyesha mafundi hao wanavyofanya kazi. DNA yako inaumia kila siku hata ukilala kitandani. Afya inategemea ushonaji.

Mwaka 2008 watafiti wa Vienna, Austria, wakaenda mbali zaidi. Walipima damu za watu walioshindana mashindano ya kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, halafu kukimbia marathoni nzima, siku hiyo hiyo moja. Kwa akili ya kawaida, DNA zao zilitakiwa kuwa matambara. Waliwafuatilia hadi siku ya 19. Hawakukuta uharibifu wa kudumu.

Kwa nini? Kwa sababu hawa hawakuamka asubuhi moja wakaanza. Walijiandaa kwa miezi na miaka. Huko Budapest, Zsolt Radák na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwa panya kwamba wakizoeshwa mazoezi ya mara kwa mara, hata wakizeeka, misuli yao inabaki na makovu machache ya DNA kuliko panya waliokaa tu. Mafundi wao walikuwa wameongezewa kasi.

SEHEMU YA 5: Jena, 2009

Sasa tunafika kwenye kipande ambacho naomba umsomee na mumeo.

Mwaka 2009, mji wa Jena, Ujerumani, Michael Ristow na wenzake walichukua vijana wa kiume 39 wenye afya. Wote walifanya mazoezi wiki nne. Nusu walimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E kila siku. Nusu hawakumeza.

Baada ya wiki nne, wale *wasiomeza* miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Hiyo ni kinga dhidi ya kisukari. Na vizima cheche vyao wenyewe, vile vya asili, vilikuwa vimeongezeka. Wale waliomeza vidonge? Walitoka jasho lilelile, walichoka vilevile, ila faida hizo hazikuonekana.

Kumbe zile cheche kidogo za mazoezi ndizo ujumbe. Mwili ukiziona, unasema, "Kumbe kuna kazi, ngoja niongeze vizimio, niongeze mafundi." Ukizizima na kidonge kabla ujumbe haujafika, mwili unabaki umelala.

Wewe unalijua hili. Mtoto wako akichanjwa pale kliniki, mwili wake unaonyeshwa adui kidogo, aliyedhoofishwa, ili ujifunze kupigana. Unaweza kuona joto limepanda usiku mmoja, lakini askari wamepatikana. Hata mikono ya mkulima ni hivyo hivyo. Siku ya kwanza ya jembe inatoka malengelenge, ikifika mwezi imeota sugu. Cheche za mazoezi ni mafunzo ya namna hiyo.

Hivyo mgongano wa Morris na Harman ukapata jibu. Konda wa London alikuwa anaungua kidogo kila siku, na kila siku mwili wake unajifunza kujishona. Dereva hakufundishwa. Siku mwili wake ukipata cheche za kweli, kwa uzee, kwa sigara au kwa sukari kupanda, mafundi ni wachache.

Angalizo kubwa, tafadhali lisikupite. Ninaposema vidonge hapa nasema vitamini za dozi kubwa na makopo ya "kuondoa sumu". Sisemi vidonge vya damu vya kliniki. Mama mjamzito, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa unaendelea kumeza kama ulivyoelekezwa. Vina kazi nyingine kabisa, vinakulinda wewe na mtoto. Na dawa yoyote ya daktari usiiache kwa sababu umesoma posti yangu.

Na chakula je? Chakula ni rafiki. Mchicha, mlenda, maembe, mapapai, maharage, michembe, matobolwa, vina vizima cheche kwa kiasi chake, pamoja na nyuzinyuzi na mengine mengi. Mwaka 2025 utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77 ulionyesha kwamba waliotoka kwenye chakula cha asili kwenda chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka. Waliofanya kinyume, dalili hizo zilipungua. Kwa hiyo hela ya kopo inunue mboga na matunda ya genge.

SEHEMU YA 6: Tanzania ilishashuhudia

Msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu na mashine zao.

Miaka ya 1960 mwanzoni, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja kwa Wamasai wa Tanganyika. Alikuta watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, mafuta mengi, lakini lehemu kwenye damu iko chini na ugonjwa wa moyo karibu haupo. Mwaka 1965 aliandika kuhusu ukakamavu wao wa mwili. Mwaka 1972 akatoa matokeo ya mioyo na mishipa mikubwa ya Wamasai 50 waliokwisha kufa. Ndani ya mishipa mafuta yalikuwepo, kama ya wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita bila kizuizi. Mwendo wa maisha yao yote ulikuwa umewatengenezea njia pana.

Mwaka 2010 Mtanzania John Mbalilaki na wenzake wakarudia swali hilo kwa kulinganisha Wamasai, wakulima wa vijijini na watu wa mjini, wote Watanzania. Walipima nguvu wanayotumia kwa siku juu ya ile ya kupumulia na kuishi tu. Wamasai walitumia kilokalori 2,565. Watu wa kijijini 1,500. Watu wa mjini 891. Wamasai walikula mafuta, lakini hatari yao ya moyo ilikuwa ndogo kuliko ya watu wa mjini.

Halafu kuna Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Wengine wako Meatu, hapo mkoa jirani wa Simiyu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliowafunga vifaa vya kupima mwendo wa moyo. Kwa wastani walikuwa na dakika kama 135 kwa siku za mwendo wa kutosha kuuchangamsha moyo, wanawake wanaochimba mizizi na kubeba watoto wakiwemo. Presha na lehemu zao zilikuwa nzuri.

Tafiti hizi tatu zilipima moyo, damu na mwendo. Hazikupima DNA. Lakini ukiziweka pamoja na za Ulm, Vienna na Jena, utaona picha ni moja: mwendo wa kila siku, wa maisha yote, haumchakazi mtu.

Sasa tujitazame. Bibi zetu Wasukuma walilima kwa ngoma. Bugobogobo ile tunayoiona kwenye sherehe, watu wanarusha majembe juu, ilitokana na kazi ya shamba, watu wakilima kwa pamoja na mdundo ukiwapa kasi. Hakuna aliyeita mazoezi. Buhongwa hii ilikuwa mashamba na vichaka kati ya miamba, leo ni nyumba, fremu za maduka na bodaboda kila kona. Mama anafungua duka saa 12 asubuhi, anakaa kwenye stuli mpaka usiku. Akitaka kwenda hatua mia tatu, boda. Mtoto anarudi shule na bajaji, anakaa na simu. Tumehama kutoka 1,500 kwenda 891 ndani ya kizazi kimoja, na hatukuagana na bibi.

SEHEMU YA 7: Sasa tufanye nini?

Historia bila kazi ni hadithi tu. Haya ndiyo nayachukua humo.

*1. Kidogo, mara kwa mara, ukipanda ngazi polepole.* Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Ni dakika 30 siku tano. Kipimo: unaweza kuongea, ila kuimba huwezi. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku. Kama hujazoea, anza na dakika kumi. Usikae mwaka mzima halafu siku ya mbio za hisani ukakimbia kilomita 21 kwa sababu umepewa fulana. Huyo ndiye yule wa Ulm mwenye mikia mirefu.

*2. Kazi yako inahesabika.* Kulima, kuchota maji, kupiga deki, kufua, kucheza ngoma, kupanda mlima na mtoto mgongoni, vyote ni mwendo. Na wewe mama unayebeba ndoo za lita 20 mara nne kwa siku ukiwa na njaa, posti hii haikwambii uongeze kazi. Wewe unahitaji kula, kulala, na mtu wa kukusaidia ndoo. Mafundi wa DNA wanashona mtu akipumzika. Baba unayesoma hapa, chukua ndoo.

*3. Mjamzito na aliyejifungua.* Ujauzito usio na tatizo hauzuii kutembea. Hata kwenu ushauri ni dakika 150 kwa wiki, kwa wale ambao nesi au daktari hajawakataza. Ukijifungua kawaida, anza kwa kutembea taratibu ukijisikia uko tayari. Ukifanyiwa upasuaji, kazi nzito subiri mpaka uangaliwe, kama wiki sita. Na mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa, hilo lilipimwa miaka ya 1990 na watoto walikua vizuri tu. Ukiona damu inatoka, kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi inakata, acha, njoo kituoni. Na pima damu kwanza. Mwenye upungufu wa damu anatibiwa ndipo tunaongelea mazoezi.

*4. Mtoto wa sikoseli.* Hii naiandika kwa herufi za moyoni, kwa sababu Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye selimundu. Kwa hawa, cheche ziko juu hata wakiwa wamekaa, kwa sababu chembe zao nyekundu zinavunjika haraka na kumwaga madini ya chuma yanayochochea cheche. Vizimio vyao vinafanya kazi mchana na usiku. Ndiyo maana makosa mawili yanawaumiza. La kwanza ni kumlazimisha: mwalimu anamwadhibu kukimbia kuzunguka uwanja jua la saa 8, au anaogelea ziwani maji ya baridi, usiku anaanza kulia mifupa. La pili ni kumfungia ndani kabisa, hachezi na wenzake, mwili haufundishwi chochote. Njia ni katikati: acheze, kwa mwendo wake, akiwa na chupa ya maji, apumzike *kabla* hajachoka, akwepe jua kali na baridi, na asiache dawa wala kliniki. Nenda shuleni ukamwambie mwalimu mkuu mwenyewe. Mwandikie karatasi: "Mwanangu ana sikoseli. Asilazimishwe kukimbia. Akiomba maji au kupumzika, aruhusiwe." Kikaratasi hicho hakina gharama, na kinaweza kumwepusha na kitanda cha wodi.

*5. Anayeuza kopo.* Akikwambia mazoezi yanatoa sumu inayogusa vinasaba, mwambie, "Ni kweli, tangu 1982 inajulikana. Na 2009 je, Jena walikuta nini?" Kama hajui, funga pochi yako.

Nimalizie hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika juu ya usingizi wa mama anayenyonyesha, kwa sababu wengi mnaniambia hamlali. Kwa leo, ukishamaliza kusoma, weka simu chini, mfunge mtoto mgongoni, mtembee mpaka gengeni kwa miguu. Mkirudi mtakuwa na mchicha, na mafundi wa ndani watakuwa wameshapata taarifa.